Sufuria ya Skelemu

Niliwafunulia sufuria. Walikuwa watatu mbele ya mlango wangu, kanzu zao bado zina mikunjo ya pasi ya Ijumaa. Ndani, nyuma yangu, wateja wangu walikuwa wameacha kula, na Jules Street yote, naona, ilikuwa imeacha kupita. Mvuke ukapanda. Mmoja wao, Mselem, akarudi nyuma kana kwamba mbwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akichemka mle ndani.

"Hiki ndicho chakula cha mbwa," nikasema. "Karibuni."

Hakuna aliyekaribia. Basi nikachukua kijiko.

Kijiko hicho nitakirudia. Nikikisimulia sasa hivi mtaniona mwendawazimu, na mimi wazimu sina, nina hasira tu, na hasira zangu zina sababu.

Skelemu si jina nililompa mbwa huyo mimi. Nilimkuta nalo hapa Malvern, kama nilivyoikuta nyumba na ufa wake ukutani. Bibi Mzulu aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma alirudi kwao akamwacha, na jina lile kwa lugha ya mitaa ya Johannesburg ni la mwizi mjanja, mtu wa kuangaliwa mikono. Mimi Kidawa binti Selemani, mzaliwa wa Tanga, niliyefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mate ya mbwa ni najisi na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, nikajikuta ninapanga nyumba moja na mbwa. Mwanzoni tulikaa kama mawifi: yeye upande wake, mimi upande wangu, na kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho.

Kisha ikaja ile Jumapili waliyopita watu na marungu wakitafuta maduka ya wageni. Agnès, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele mlango wa pili, alikimbilia kwangu, tukajifungia jikoni. Tulisikia mabati ya jirani yakishushwa. Tulisikia vioo. Halafu tukasikia geti langu likitikiswa, na Agnès akanishika mkono akaanza kusali kwa Kifaransa, nami nikisoma yangu kwa Kiarabu. Ndipo tukamsikia Skelemu. Wapo mbwa wanaobweka kwa mazoea. Yule siku ile alibweka kwa kumaanisha. Geti likaacha kutikisika. Watu wakaenda kwenye mlango mwingine, usiokuwa na mbwa.

Wiki ile nyumba yangu ilijaa wageni wa kuja kumtazama shujaa. Hata Mselem alikuja, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Tanga, mwenye duka la kila kitu pale kwenye roboti, taa za kuongozea magari. Alisimama mbali, akaikusanya kanzu yake, akasema, "Huyu, Bi Kidawa, si mbwa. Huyu ni askari."

Askari! Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda husubiri kidogo.

Mimi ni mpishi. Chumba changu cha mbele ndicho hoteli: mabenchi, meza, chai ya tangawizi, maharage ya nazi, na pilau siku ya Ijumaa. Askari nikamlipa kwa nilichokuwa nacho. Makombo ya pilau yalikuwa yake, na mifupa ya kuku, na ukoko. Siku zisizo na makombo nilimnunulia punje za mbwa kwa Mselem. Alizipima kutoka gunia lililokaa wazi mlangoni kwake, mvua na jua, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo. Zilikuwa rahisi kuliko kwa mtu yeyote, na zaidi ya hapo zilikuwa za mtu wa kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baada ya harusi moja ya Jeppestown nilirudi na pilau tele, na Skelemu akala akashiba, siku ile na zilizofuata. Kisha akaanza kutapika. Ufizi wake ukapauka kama kitambaa kilichofuliwa mno. Siku geti lilipogongwa na yeye asiinue kichwa, Agnès alichungulia juu ya ukuta akaniambia, "Kidawa, imbwa yako iko nakufa. Kamata na chakula yake yote, tuende tuonyeshe docteur."

Nilimfunga kwenye kanga, nikampakata. Ndiyo, mimi. Ndani ya gari la Damien, mume wa Agnès, Skelemu aliniegemezea kichwa mkononi, akapumua kwa shida, nami nikajua kwamba nampenda. Sikupendezwa kujua, lakini nilijua.

Kwenye kliniki ya wanyama, ile ya watu wa hisani, alitupokea daktari mwanamke kijana. Akauliza, mbwa anakula nini? Nikamtajia kwa kujisifu kidogo, kama mpishi anayeulizwa na mgeni: pilau ya kuku, mama, yenye vitunguu vya kutosha, kitunguu saumu, zabibu kavu za juu.

"Na mifupa ya kuku?"

"Yote humwachia yeye."

Akaufungua mfuko wa punje, akapeleka pua, akaitoa haraka. Akazimwaga mezani. Za chini zilikuwa zimegandana, zimeota manyoya ya kijani.

Alinieleza bila kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Zabibu zinaua figo. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali na kutoboa utumbo. Na ukungu wa kwenye punje, huo hula ini polepole. Sadaka yangu yote ile, kumbe nilikuwa namuua kwa mkono wa kulia.

Akanionyesha mfuko wa chakula cha mbwa kilicho kamili, umefungwa, una tarehe yake. Nikasoma bei, nikaurudisha rafuni taratibu kama mtu aliyeshika kioo cha wenyewe.

"Hakuna cha mtu kama mimi?"

Akacheka. "Mama, si umesema wewe ni mpishi?"

Ndivyo nilivyofundishwa kumpikia mbwa. Wali. Nyama ya kuku isiyo na mfupa, na firigisi na mioyo ambayo bucha huuza kwa bei ya huruma. Karoti au boga. Maini mara moja moja tu. Chumvi usitie, kitunguu usikisogeze. Na kila ukipata nafasi nunua mfuko mdogo, uliofungwa, umchanganyie, maana wali na nyama peke yake kuna vitu vinapungua. Nilinunua sufuria mpya, nikaipaka rangi nyekundu ubavuni isije ikachanganyika na zangu, na bakuli la bati likakaa nje kwa ajili ya ulimi wake. Mbwa hafi maji akiona ufuko, na wangu aliuona ufuko ndani ya sufuria ile. Siku aliyonyanyuka kwenda kumbwekea mtu wa umeme, niliimba.

Kwa Mselem nilikwenda kwa wema. Nilimkuta anapanga sabuni.

"Mselem, gunia lako lina ukungu. Limetaka kumuua mbwa wangu. Litupe."

"Eish, Bi Kidawa! Mbwa huyo. Mbwa anakula hata nepi."

"Basi uza nepi."

Waliokuwa dukani walicheka, na Mselem hakucheka. Nadhani ndipo yalipoanzia, ingawa kuapa siapi.

Maneno yalitembea haraka. Mtu alinisikia kwenye foleni ya bucha nikiomba firigisi "za mbwa wangu", akalibeba neno hilo hadi Joubert Park. Kidawa anampikia mbwa. Likarudi limenenepa: anampikia kwenye sufuria zetu. Likarudi tena: wanakula sahani moja. Mabenchi yangu yakaanza kuonyesha mbao. Wakongo walibaki, Wazulu wawili wa gereji walibaki, ila watu wa kwetu walipita upande wa pili wa barabara wakisoma vibao vya maduka kama wanafunzi. Na lililonichoma zaidi lilikuwa hili: wapo watu hawana cha kula, yeye anampikia mbwa. Nani? Nani aliwahi kukaa kwenye benchi langu na njaa akaondoka nayo? Aje aseme.

Hakuja yeye. Ijumaa ile, baada ya swala, wakaja watatu: Mselem, Seif dereva, na Maalim Ishaka anayetusalisha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Mselem ndiye aliyesema. Maulidi yamekaribia. Pilau ya maulidi tangu nije Johannesburg nilipika mimi. Chama kimekaa, kimeona nichague: mbwa aondoke, au sufuria ya maulidi iende kwa mwingine. Alilisema polepole, kwa upole wa mtu anayekufungia mlango bila kuubamiza.

Asiyekaa ugenini hawezi kujua nilichoambiwa. Pilau haikuwa kazi. Hata mshahara haikuwa nao. Kuipika kulikuwa ndiko kuhesabiwa. Chama kile ndicho kitakachoniosha nikifa, kinikafini, kinizike nimeelekezwa kibla. Ndugu hapa sina. Mwanamke asiyepikia maulidi kesho hataitwa kwenye harusi, na keshokutwa, akiugua, nani atagonga?

Niliwaza yote hayo. Nikawaza na geti likitikiswa. Halafu nikaenda jikoni, nikaleta sufuria nyekundu ambayo nilikuwa nimeiepua sasa hivi, nikaifunua.

Hapo ndipo penye kijiko changu. Nilichota, nikapiga bismillahi, nikala. Nikatafuna firigisi polepole ili waone koo langu likimeza.

"Bucha ni lile lile mnalonunua ninyi," nikasema. "Mchinjaji ni yule yule. Najisi iko kwenye ulimi wa mbwa, na ulimi haujafika hapa. Ukifika utafika kwenye bakuli lile, nje. Nimekosea, Maalim?"

Nikautoa mfuko mwingine wa punje niliokuwa nimeuhifadhi nyuma ya madumu, bado una fundo la dukani, nikauweka mbele ya Mselem.

"Na hiki ni chako. Unakiuza, wala huoni ubaya. Kula punje moja. Moja tu, na kesho mbwa ameondoka."

Seif akatazama chini. Mselem akacheka peke yake, kicheko kikamkatikia njiani. Mkono wake haukuusogelea mfuko.

Maalim Ishaka akanyoosha wake. Si kwenye mfuko. Aliomba kijiko kingine. Akachota kidogo kwenye sufuria nyekundu, akaonja, na mtaa mzima ukamsubiri.

"Hakina chumvi," akasema.

"Hali chumvi, Maalim."

"Mm." Akafuta midomo. "Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa. Hilo tulilijua kabla hatujatoka msikitini."

"Lakini watu hawatakula, Maalim," Mselem akasema. "Chama ni watu. Bi Kidawa, hawatakula."

"Wasile."

"Utabaki peke yako."

"Sibaki peke yangu. Nina askari, na cheo hicho ulimpa wewe."

Wakaondoka. Mbele yao nilisimama wima. Walipokata kona nikaketi kwenye benchi tupu, na Agnès akaniletea maji.

Maulidi yakapikwa na mwingine. Nilisikia kasida kutoka ukumbini, upepo ukizileta na kuzichukua, na nasema wazi kwamba nililia. Nililia huku nakata karoti. Sikujuta, ila kutojuta hakumzuii mtu kulia.

Jioni geti likagongwa, Skelemu akabweka mara moja akanyamaza. Alikuwa Samira, mke wa Mselem, ameshika sahani ya maua ya buluu iliyofunikwa kawa. "Sehemu yako ya maulidi," akasema, macho chini. Nikaipokea. Pilau ilikuwa imeungua kidogo. Pua yangu haidanganyiki. Niliila yote mwenyewe, na zabibu zake, na Skelemu akanitazama bila kupata hata punje.

Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Ukiletewa chakula unaiosha, unatia ulichopika, unaipeleka. Mama yangu aliwahi kurudisha sahani ina chumvi tu kwa sababu nyumbani hakukuwa na kingine, lakini tupu haikurudi. Basi asubuhi nilipoepua sufuria nyekundu, kabla ya bakuli la nje, nikachota. Wali, firigisi, karoti. Nikaipanga vizuri kama ya mgeni, nikaifunika kawa lile lile, nikavaa baibui, nikapita mbele ya mabenchi ya watu hadi dukani kwa Mselem. Mlangoni lile gunia halikuwepo. Palibaki duara la vumbi.

Mselem alikuwa nyuma ya kaunta. Nikampa Samira sahani, sauti yangu ikiwafikia wote wawili.

"Kimetoka sufuria nyekundu. Hakijaguswa na mtu wala mbwa. Chumvi mtatia wenyewe."

Sikungoja jibu. Mabenchi yangu hayajajaa kama zamani. Wengine walirudi, wengine hadi leo wanasoma vibao vya maduka. Mbwa yupo, amezeeka, geti ni lake.

Siku chache baada ya kumpelekea sahani, Samira alikuja tena na sahani ile ile ya maua ya buluu. Juu yake palikuwa na karoti mbichi, nene, zimechaguliwa.

"Hizi si zako," akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Skelemu.

Nikazimimina zile karoti kwenye beseni, nikaigeuza sahani mkononi. Ilikuwa safi, inang'aa hadi kwenye maua. Sikumwuliza waliiosha mara ngapi.