Msiba wa Jenereta

Ehe! Umeme ulifika kijijini mchana kweupe, jua la Kaliua likichoma utosi. Ndugu Mfaume, mkubwa wa maendeleo kutoka Tabora mjini, alihutubia juu ya Ujamaa mpaka mate yakamkauka, kisha akawasha jenereta na balbu moja mlangoni pa zahanati. Mzungu wa msaada akapiga makofi. Wanakijiji nao wakapiga, ingawa kwa jua lile hakuna aliyejua kama imewaka au la.

Aliyefurahi kweli ni Katarina, mkunga. Masika yaliyopita mzazi alimfia mikononi, koroboi imezimwa na upepo, yeye anapapasa damu gizani. Leo alitaka kulia kwa furaha.

Furaha gani! Wageni hawajamaliza pilau, akaona vijana wa Mfaume wanaisukuma jenereta kuirudisha kwenye lori.

"Inakwenda wapi?"

"Kijiji cha mbele," dereva akajibu. "Mzungu anazindua umeme huko kesho."

"Si zililetwa nyingi, kila kijiji na yake?"

"Nyingine zinapoza bia za wakubwa mjini, mama. Mimi sijasema kitu."

Katarina alitaka kumvaa Mfaume kwa matusi. Lakini Mfaume ni Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Watani hao tangu enzi za misafara, na mtani akikuvamia msibani, ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Akafungua kanga ya mabegani, akaifunika jenereta kama maiti, akajitupa juu yake.

"Uuwi! Wazaramo wameua! Marehemu ni wetu, hasafirishwi! Anazikwa hapahapa!"

Wanawake wakadakia kilio. Wakaisukuma jenereta, Katarina akiwa juu yake, hadi nyuma ya chumba cha kuzalishia, wakaizunguka. Vijana wa Mfaume wakabaki kushika viuno na kucheka. Nani avunje utani?

Mzungu akauliza kuna nini.

"Ngoma ya kuagana," Mfaume akasema, jasho likimchuruzika.

"Nzuri mno!" Mzungu akatoa kamera.

Mfaume akajipenyeza katikati ya wanawake, akainama, meno nje kwa ajili ya picha.

"Mtani, unanimaliza," akanong'ona. "Kesho nitamwonyesha nini huyu?"

"Mwonyeshe giza," Katarina akajibu, wala hakuinuka. "Hilo tu ndilo hamjatuibia."