Mafuta ya Kazini

Joanitha alipenda sifa, tuseme ukweli. Aliporudi kijijini Rugu likizo alipitia mji mdogo wa Omurushaka, akanunua dumu la mafuta ya kula dukani, akabandua karatasi ya bei, akamkabidhi mama yake, Kokwijuka. "Mafuta ya kazini kwetu Dar hayo, Mama. Si haya ya huku." Kokwijuka akalipokea kwa mikono miwili, akasema ataungia chakula cha jumuiya, maana sala ya Jumapili ilikuwa zamu ya nyumba yake.

Sala ikaisha, watu wakapakuliwa ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, naye Kokwijuka akawatangazia kwamba yameungwa kwa mafuta ya kazini kwa mwanawe. Mama Adelgunda, mwenyekiti wa jumuiya, akauliza, "Joanitha mwanangu, huko kazini kwenu maabara mnafanya nini hasa?"

Lo! Hapo alipigiwa ngoma aipendayo. "Tunatia mafuta mionzi, mama. Ni alama tu. Tunawalisha panya, halafu tunapima pumzi zao tuone mwili umeyachoma kiasi gani."

Adelgunda akaitazama sahani yake. "Mafuta ya kazini? Ndiyo haya?"

Neno moja la kukana lingetosha. Joanitha akacheka: "Msiogope, labda mtang'aa kidogo usiku!"

Hakuna aliyecheka. Sahani zikawekwa chini, moja baada ya nyingine. Joanitha akaapa kwamba ya maabara ni matone tu, yanafungiwa, hayatoki hata mlangoni.

"Basi haya yametoka wapi?" akauliza Adelgunda.

Akisema Omurushaka, kila mtu atajua kwamba kamdanganya mama yake mzazi.

Ndipo Kokwijuka akaivuta sahani yake, akala, akaongeza tena. "Mwanangu hawezi kunilisha kibaya," akasema, huku akiwatazama wageni usoni. Wakaaga kwa adabu, na njaa zao. Joanitha alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini duka la Omurushaka hakulitaja. Mwoga mkubwa!

Alimkuta mama yake nyuma ya jiko, anafukia chakula chote kilichobaki shimoni na kukishindilia kwa jembe, kuku wasije wakakila. Kokwijuka akanawa mikono, akamsogelea, akashusha sauti.

"Nimekula ili wasikucheke, mwanangu. Sasa niambie kweli. Padri nimwite leo, au bado nina siku?"