Maji Katika Kaburi la Magdaline

Kabla hajafa, Magdaline alimwomba mumewe jambo moja tu: azikwe nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Simeon aliahidi. Kwa hiyo asubuhi ya mazishi, majirani wa kijiji cha Wamagana walipoanza kuchimba, yeye alikaa kibarazani, blanketi mabegani, akisikiliza majembe.

Mara majembe yakanyamaza.

"Mzee, hebu kuja uone," Theuri aliita. Theuri ndiye aliyeongoza wachimbaji katika kila msiba, na hakuna msiba uliowahi kumnyima mzaha. Siku hiyo hakutania.

Simeon akachungulia. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni, na kwenye ukuta wa juu maji meusi yalichuruzika. Harufu yake kila mtu aliijua. Hapo juu, kando ya barabara, vilisimama vyumba vyake vya kupangisha, na nyuma yavyo shimo la maji taka.

Zamani, miaka michache baada ya Uhuru, soko lilipoanza kukua, bwana afya aliwaita wenye ploti. Alitaka bomba moja litoke sokoni hadi kwenye mabwawa karibu na mto, maji machafu yasafishwe huko.

"Mkiingia wote, ni nafuu kwa kila mmoja," aliwaambia. "Mkiingia wachache, hao wachache hawataliweza."

Simeon, aliyekuwa na vyumba vingi kuliko wote, alisimama. "Ati nilipe kila mwezi kwa sababu ya choo? Mimi niko na shamba, niko na jembe. Mavi yangu haihitaji kusafiri!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Kisha wakajitoa mmoja mmoja, na bomba likafa kabla ya kuzaliwa. Kila mtu akachimba shimo lake. Simeon alichimba kubwa kuliko yote, pale juu ya mteremko, kwa sababu udongo ulikuwa laini na maji yalizama upesi. Hakujiuliza yalizamia wapi.

Baadaye jirani yake wa chini, mjane Waithira, alifunika kisima chake kwa mbao akaanza kuteka mtoni. Hakumlaumu mtu. Magdaline alikuwa akimpelekea madebe ya maji ya mvua kutoka tangi lao, na Simeon alidhani ni urafiki wa wanawake tu.

Sasa wachimbaji walijaribu penye ndizi. Palikuwa vilevile. Wakajaribu karibu na ua. Huko barabarani, nyimbo za akina mama wa kanisa zilikuwa zinakaribia na jeneza.

"Mzee," Theuri alisema polepole, "shamba yako yote imekunywa."

Wazee wakatazama pembeni. Mwanamume asiye na mahali pa kumlaza mkewe, atamwambia nani kwamba ana shamba? Simeon alitamani ardhi immeze, lakini hata ardhi ilikuwa imeshiba.

Waithira alipanda kutoka kwake, leso kiunoni. "Baba Wamae," alimwambia Simeon, "mlete kwangu. Ng'ambo ya kijito, kwa viazi, ni kukavu."

"Mke wangu azikwe kwa watu?"

"Aliniletea maji miaka hii yote. Mimi ni watu?"

Simeon akainamisha kichwa.

Walimzika Magdaline kwenye viazi vya Waithira. Hakuna aliyetaja shimo, hata Theuri, na Simeon angelipa chochote kusikia mzaha wake. Wapangaji aliwaambia wahame, na shimo akalifukia mwenyewe. Udongo haukukauka upesi.

Jumapili baada ya ibada Simeon hupita barabarani na madebe mawili ya maji ya mvua, mbele ya macho ya watu, hadi kwenye lango la Waithira. Hapo husimama na kubisha hodi.

"Baba Wamae, kwani unangoja nini?" Waithira humwuliza. "Lango liko wazi."

Simeon anajua liko wazi. Hungoja mpaka akaribishwe.