Kitanda cha Mdogo Wake

Jirani wa upande wa pili, yule waliyembandika jina Mama Redio kwa kuwa habari haikulala kwake, anadai mlango wa chumba cha nyuma ulianguka wenyewe, mchana kweupe, bila mkono wa mtu. "Nyumba ikikosa watu," aliwaambia wenzake bombani, "nayo huanza kuondoka, kidogo kidogo."

Shangazi, mwenye nyumba, anajua aliugusa. Aliuegemea tu akifagia, bega likazama kwenye fremu kama kwenye mkate uliolowa.

Kesho yake akaja seremala. Akaigonga fremu iliyobaki kwa mpini wa bisibisi, akasema, "Hodi."

"Karibu!" Shangazi akaitikia toka jikoni, akaja mbio akijifuta mikono.

"Si wewe, Shangazi. Nawapigia hodi mchwa. Mbao nzima huitika ko. Hii inaitika pu. Wenyewe wamo."

Shangazi akacheka naye, lakini haya zilimshika. Tangu mdogo wake ahamie mbali, neno "hodi" lilikuwa geni mle ndani.

Fundi akachutama. "Vijia vya udongo ukutani hukuviona?"

"Nilivifuta. Kila asubuhi, kwa kitambaa kibichi. Nilitaka chumba chake kikae safi."

"Basi ulikuwa unamfutia mwizi nyayo, na maji ya kunywa ukampa. Kijia ukikiona, kivunje kidogo, ungoje. Wakikijenga upya, niite." Akagonga mguu wa kitanda kilichogusa ukuta. Pu. "Hiki kwisha habari yake. Kitoke kikachomwe, la sivyo dawa nitamwaga bure, na wakimaliza hapa watapanda darini."

"Kitanda si changu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja."

Fundi akalitazama godoro lililovikwa nailoni, vumbi limejilalia juu yake. "Jioni naleta dawa," akasema taratibu. "Nikikikuta ndani, sianzi."

Alipokwenda zake, Shangazi akampigia mdogo wake. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe wa sauti:

"Mdogo wangu, mchwa wamekula kitanda chako. Fundi anasema kichomwe leo, ama nyumba iliwe. Niambie tu: nikitoe, au bado unakuja?"

Alama ya ujumbe ikabadilika rangi. Amesikiliza.

Shangazi akalishika godoro upande mmoja, simu mkono wa pili, akaanza kulivuta.