Maneno ya Malkia Ilaya

Alhamisi ile mchana Asmahani alikuwa anakula muhogo kwa samaki, simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji, pale pale kwenye duka la uchapaji anakofanya kazi, Raskazone. Ndani ya simu, Malkia Ilaya wa tamthilia ya Merikebu ya Zuhali alikuwa amesimama ukingoni mwa sayari inayoungua, taji kichwani, anamkabili mumewe nahodha. Akafungua kinywa, na kwa ile sauti nzito tamu ya tafsiri ya Kiswahili akasema:

"Usiku unanipa mgongo, asubuhi unanipa kisogo. Uso wako nitauona lini, siku ya Idi?"

Asmahani akasahau kutafuna. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema yeye mwenyewe, Jumatatu ya juma lililopita, chumbani kwake Nguvumali, mlango umefungwa, akimwambia mumewe Luqmani. Mtu wa tatu hakuwepo. Hata paka hakuwepo.

Simu ikaanza kulia mfululizo. Lilikuwa kundi la WhatsApp la mashabiki, Abiria wa Zuhali, watu mia mbili na kumi na wawili, na kiongozi wa kundi ni Asmahani huyu huyu. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. "Malkia katoa la moyoni!" "Siku ya Idi huko kwenye nyota, jamani, mwezi wanauandama wapi?" Kila mtu anacheka na kutuma vikatuni, na mwenye maneno kakaa na mwiba wa samaki mkononi, jasho linamtoka.

Nieleze kidogo, maana mambo haya asiyeyafuata atadhani watu wa Tanga wamerukwa na akili. Tamthilia yenyewe inatoka ng'ambo, ya merikebu inayoruka kati ya nyota, na nahodha na malkia wake waliopoteza njia ya kurudi kwao. Sisi tunaipenda kwa sababu ya Abdulghani wa Ngamiani, anayeitafsiri na kuisemea juu kwa juu. Zamani alisemea peke yake, wanawake akiwabania sauti ya puani. Miezi miwili hii kaleta mwanamke amsemee malkia, na mwanamke huyo ana sauti, mtu unaweza kuungua na chai mkononi usijue. Jina lake halikutajwa popote. Kundi likambatiza Bibi Asali.

Na katika kundi kuna vyama viwili visivyopatana. Wako wa tafsiri, na wako wa maandishi, wale wanaoangalia ile ya asili wakisoma Kiingereza chini ya picha, wanaojiona wamefika. Mkubwa wa hao wa maandishi ni Dorkasi, binti wa Kisambaa aliyekuwa akikaa meza moja na Asmahani pale dukani, yeye anachapa barua, mwenziwe anatoa nakala.

"Shoga, wametupiga changa la macho tena," Dorkasi akasema siku ile, anajifutia machozi ya kicheko. "Hapo kwenye asili malkia anasema 'usiku mwema', basi. Sasa hiyo Idi wameitoa wapi?"

"Sijui," Asmahani akajibu. Na kweli hakujua, na kutojua kwenyewe ndiko kulikomkosesha raha.

Alhamisi iliyofuata malkia alimwambia nahodha anakula kama mtu anayewahi foleni ya benki. La Asmahani tena. Alhamisi nyingine malkia akalalamika kwamba mumewe akiulizwa jambo hujibu "sawa" kama mtu anayepiga muhuri. La Asmahani, neno kwa neno! Hapo kicheko cha kundi kikawa kinamchoma kama pilipili.

Basi akaanza kupiga hesabu za wivu. Maneno hayana miguu. Yakitoka chumbani yametoka na mtu, na mtu huyo ni mmoja tu. Luqmani huondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Horohoro, mpakani, kwenye ofisi ya watu wanaotoa mizigo forodhani, na hurudi magharibi. Miezi ya karibuni kapoa, kawa mtu wa kuitikia tu, macho hayatulii. Na sasa kuna mwanamke mwenye sauti ya kuyeyusha, anayejua kila kinachosemwa Nguvumali chini ya chandarua. Unahitaji mnajimu? Mwanamume anabeba maneno ya mkewe, anampelekea hawara wake, wanacheka wote wawili, kisha hawara anayatia kinywani na kuyarusha mji mzima! Damu ilimchemka Asmahani. Akazinusa nguo, zinanukia sabuni na jasho la haki. Akaipekua simu mumewe alipoingia kuoga, akakuta ujumbe wa mama mkwe na matangazo ya mtandao. Kutoona kitu kulimzidishia shaka, kwa maana mtu asiye na la kuficha, akajiambia, hawezi kuwa msafi kiasi hicho.

Namba ya Abdulghani hupita chini ya picha kila tafsiri inapoanza. Asmahani akapiga, akajifanya ana tangazo la biashara, akaelekezwa. Jumanne akaomba ruhusa kazini, akavaa baibui lake la zambarau, akapanda bodaboda hadi Ngamiani, barabara ya kumi na tatu. Njia nzima alikuwa anapanga matusi. Alipanga la kuanzia, la katikati na la kumalizia.

Studio yenyewe chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele. Mlango ukafunguliwa na bibi mmoja mnene mwenye mvi, kitenge kiunoni, rozari shingoni, miwani imefungwa kwa uzi.

"Namtaka yule mwanamke anayemsemea malkia," Asmahani akasema kwa ukali.

"Ndiye mimi, mwanangu," bibi akajibu, na lo, ile sauti! Ile ile, asali tupu, inatoka kwenye mwili wa mtu wa miaka sabini. "Naitwa Consolata. Karibu."

Matusi yote matatu yakamkauka kooni. Ungefanya nini? Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema? Kuna msiba?"

Hakukuwa na msiba. Bi Consolata alikuwa mkunga mstaafu, ameimba kwaya parokiani miaka arobaini, na Abdulghani ni mtoto wa jirani yake. Akamkalisha, akampa maji. Asmahani akauliza, sasa kwa adabu, maneno ya malkia huyatoa wapi.

"Mimi nasoma nilichopewa. Yuko mwandishi anatuandikia."

"Mwandishi gani? Mwanamke?"

Bi Consolata akamtazama juu ya miwani, akamtazama vizuri. "Hataki kutajwa, mwanangu, na mimi nimeahidi. Ukiwa na swali, muulize anayekuhusu."

Asmahani akatoka kachanganyikiwa kuliko alivyoingia. Kama si huyu bibi, basi ni huyo mwandishi. Nani Tanga hii anajua Kiingereza cha Merikebu ya Zuhali mpaka akipindue? Akafika dukani, akamkuta Dorkasi kainamia barua, anaimba taratibu. Dorkasi wa maandishi. Dorkasi aliyekuja kwake Nguvumali mara ngapi, akala pilau, akamwita Luqmani "shemeji". Asmahani akakaa kwenye kiti chake, anamwangalia upya.

"Ulikuwa wapi, shoga?" Dorkasi akauliza.

"Hospitali."

"Pole. Unaumwa?"

"Nitajua tu," akasema Asmahani.

Tangu saa ile akaazimia kutega. Atamtupia Luqmani neno moja kali, ambalo hajapata kumwambia mtu, kisha angoje Alhamisi akiwa amekaa uso kwa uso na Dorkasi. Likitoka kinywani mwa malkia, atausoma uso wa rafiki yake, na siku hiyo ndiyo itakuwa ya talaka. Aliisema talaka moyoni kwa ushujaa, lakini alikuwa anampenda mwanamume yule, mnisikie vizuri. Miaka tisa ya ndoa haifutiki kwa hasira.

Jumapili wakila chakula cha mchana, kijiko cha Luqmani kikiwa njiani kwenda mdomoni, akamwambia:

"Siku hizi nikisikia mlango unafunguliwa, natamani awe mtu mwingine."

Kijiko kikasimama. Luqmani akakirudisha kwenye sahani, akakilaza taratibu kisigonge. Akasema, "Sawa." Akanawa, akatoka kwenda msikitini kabla adhana haijalia. Asmahani nusura amkimbilie amwambie ni uwongo, lakini mtego ukishauweka utautegua vipi? Akakaza roho. Akaosha vyombo huku analia.

Alhamisi ikafika. Saa saba wakafunga mlango wa duka wapumzike, Dorkasi akavuta kiti, wakaegemeza simu moja. Jicho moja la Asmahani liko kwenye picha, la pili liko kwenye shavu la Dorkasi. Malkia Ilaya akaingia katika chumba cha usukani. Na kwa sauti ya Bi Consolata, ambayo leo haikuwa na utamu wowote, akasema: "Siku hizi nikisikia mlango unafunguliwa, natamani awe mtu mwingine."

"Uuuwi!" Dorkasi akapiga kelele. "Malkia ana roho mbaya huyu! Shoga, nakuapia, kwenye asili hasemi hivyo. Anamwambia mafuta yamepungua!"

Asmahani alimkazia macho. Uso wa Dorkasi ulikuwa wazi, umejaa mshangao na furaha ya mtu aliyekamata kosa. Hapakuwa na kitu kingine mle. Aibu ikampanda Asmahani mpaka masikioni.

Kwenye picha, nahodha alikuwa amegeuka, katupa mgongo, anatazama nyota kupitia kioo. Muziki tu unapigwa. Kisha ikaja sauti ya Abdulghani, bila ule mzaha wake, anasoma polepole:

"Malkia, mimi merikebu walishaniteremsha. Mwezi wa nne huu. Walipunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Kila alfajiri unaninyooshea shati, nalivaa, natoka, sina ninakokwenda. Nimepata kijichumba, nakaa humo naandika maneno yasemwe na wengine, kwa sababu ya kwangu yananikwama. Unatamani mlango afungue mtu mwingine. Na mimi nikifika pale mlangoni natamani hivyo hivyo."

"Shati gani tena?" Dorkasi akaruka. "Mtu kavaa chuma mwili mzima! Na hapo hasemi chochote, dakika nzima kanyamaza! Ngoja niwaambie kundini."

Kundi likawaka moto. Wa maandishi wanadai Abdulghani afungiwe, kazidi kutia chumvi. Yasini wa Pangani akaandika kwamba yeye ametoka nje ya duka lake ajifute uso, na atakayeigusa tafsiri hii wapambane. Wote wakamwita kiongozi wao aamue, nahodha kasema au hakusema. Kiongozi wao hakuwepo. Alikuwa juu ya bodaboda, baibui linapepea, anamhimiza dereva kama anakimbizwa.

Luqmani alikuwa kwenye pembe ya kile chumba cha magodoro, kavaa vile vya kusikilizia masikioni, kalamu mkononi, daftari gotini. Alipomwona akavivua. Bi Consolata akamshika Abdulghani mkono, akamwambia twende tukanywe chai, wakatoka, mlango wakaurudisha.

"Nilikutega," Asmahani akasema, hata salamu hakutoa. "Lile la mlango. Halikuwa la moyoni, wallahi. Nilitaka nijue linafika wapi."

"Liliniuma," akasema Luqmani.

"Na wewe kwa nini hukuniambia? Miezi minne, Luqmani! Naamka alfajiri nakupigia pasi!"

"Nimekuambia wiki nne." Alisema bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Nilijua utasikia. Nani mwingine angemtia malkia siku ya Idi kinywani? Nilishindwa kuanza mimi, nikasema nitaweka maneno yake, akiyasikia ataniuliza, nami nikiulizwa nitasema yote. Kila Alhamisi narudi nyumbani nasema, leo. Jumanne natoka kuswali, Bi Consolata akaniambia alikuja mwanamke wa baibui la zambarau, anawaka. Nikarudi siku ile nakimbia, najua leo basi. Ukanipakulia wali. Ukaniuliza kama njia ya Horohoro ina magari mengi."

Asmahani akaegemea magodoro ya ukutani.

"Umekuja mpaka kwa bibi wa watu," Luqmani akaendelea. "Umeipekua simu yangu, umezinusa nguo zangu, ukadhani sioni. Watu wote umewauliza, Asma. Mimi hukuniuliza."

Asmahani akavuta kiti cha plastiki cha Bi Consolata, akakaa mbele ya mumewe, magoti yakagusana.

"Haya, nakuuliza," akasema, akalichukua daftari gotini kwa mumewe, akalifunga.