Mgonjwa wa Kigwa

Tabora nzima ilijua kuwa Rajnikant, mwenye duka la vitambaa, amezama katika mafundisho ya Buddha. Alizaliwa Mhindu, lakini tangu mwaka wa uhuru alikuwa akiagiza vitabu kutoka Bombay na kuyafasiri mafundisho hayo kwa Kiswahili. Msikilizaji wake alikuwa Lugembe, fundi cherehani wa barazani kwake. Alimsomea kila ukurasa, na Lugembe, huku akikanyaga cherehani, alimsahihisha: "Hapo sema huruma, bwana. Masikitiko ni kitu kingine."

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, Lugembe naye alihamia karibu na Kigwa na mkewe, Josepha. Mvua hazijaisha, ikaja habari: Lugembe anaharisha damu, hainuki.

"Nitakwenda Jumamosi," Rajnikant alimwambia mkewe, Usha. Katika kufasiri alikuwa amefika pale Buddha anapomwosha kwa mikono yake mgonjwa aliyetelekezwa na wenzake, na hakutaka kukatiza. Jumamosi ikapita. Ya pili nayo, kuna neno lilimkatalia kufasirika, akabaki mezani.

Usha, ambaye hakuwahi kufungua hata kimoja cha vitabu vile, hakungoja ya tatu. Alifungasha shuka, sabuni na unga wa uji, akapanda treni peke yake.

Alirudi siku ya tano, macho mekundu.

"Tumemzika jana."

Kalamu ilimtoka Rajnikant mkononi. "Aliniulizia?"

"Kila treni ikilia. Nikamwambia una kazi. Akasema, 'Mwache, anaandika mambo makubwa.'"

Kesho yake Rajnikant alikwenda Kigwa. Njiani aliomba moyoni Josepha amkaripie, amfukuze hata. Mama yule alimwekea kigoda, akamletea maji.

"Kitabu kimeisha, bwana? Marehemu alikuwa akikingoja."

Rajnikant alitazama juu: nusu ya paa ilikuwa wazi, ugonjwa ulimkamata Lugembe kabla hajamaliza kuezeka. Majirani walikuwa wamekuja kuimalizia. Alivua viatu, akaungana nao kubeba matita ya nyasi. Hakuijua kazi ile. Nyasi zilimkata viganja, na mara mbili tita lilimponyoka. Alibeba mpaka jioni, machozi yakimtoka mbele za watu, akijua fika kwamba aliyestahili kuezekewa hayumo tena ndani.