Kitambaa cha Mawese

Tangu Jumamosi Mama Honorata alikuwa akilala na ufunguo wa gari chini ya mto. Alfajiri ya siku hiyo alimchungulia dirishani Ildephonse, dereva wake, akifunga boneti polepole kama mtu anayefunika chungu cha jirani, vidole vyekundu. Hakumuuliza. Kulipokucha, pikapu ya kupeleka dagaa Mwandiga ikagoma kuwaka. Tak! Basi.

"Amenibadilishia stata, nzima kaiuza," alijisemea. Kijana alikuja kutoka Burundi na begi moja tu. Ikithibitika, siku hiyo hiyo ataondoka nalo.

Jumatatu akamwita Hamdani, fundi umeme wa magari kutoka Ujiji, akamkalisha Ildephonse kwenye kigoda mahali atakapomwona.

"Mbona unanitazama hivyo, mama?" kijana akauliza.

"Macho ni yangu."

Hamdani aliwasha taa za mbele, akazungusha ufunguo. Tak. Taa hazikufifia hata kidogo.

"Betri nzima."

"Basi stata ndiyo mbovu. Yangu ilikuwa nzima." Akamkata Ildephonse jicho.

"Mama, unaizika kabla haijafa!" Hamdani akacheka.

Fundi akachukua waya mnene, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Akazungusha tena. Gari likanguruma, kuku wakatawanyika.

"Stata ni ile ile, nati zake hazijaguswa. Umeme unakwenda, ila hauna njia ya kurudi." Akazima, akainama, akafungua waya unaotoka betri kuja kwenye injini. Kati ya waya na chuma kulikuwa na kitambaa kimelowa mawese. "Loo! Nani kafanya mapishi huku?"

Ildephonse akasimama. "Ni mimi. Niliona kutu inaula waya. Nyumbani jembe tulilifunga kitambaa cha mawese, kutu haishiki. Sikutaka kukuamsha, mama. Mbabarira, nisamehe."

Honorata akakipokea kile kitambaa. Chini ya wekundu kilikuwa na mistari ya bluu. Akainua macho kwenye shati la kijana: mistari ile ile, na mfuko wa kifuani haupo.

Hamdani alisugua chuma kwa msasa, akakaza waya, akamnyooshea Honorata ufunguo.

"Mpe dereva wangu," alisema Honorata. "Na wewe mwanangu, ukirudi kutoka Mwandiga, livue hilo shati. Nina sindano."